Uzi: Chumba cha kushonea nyumbani hupangwa kwa kufuata njia ya kitambaa

Mleta uzi (Tanga)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Wenzangu kadhaa wa hapa wameniomba kwa ujumbe wa faragha nieleze namna nilivyopanga chumba changu cha kushonea nyumbani, na kwa kuwa jibu lenyewe haliwezi kutosha katika mistari mitano, nimeona niliweke hapa lote, ili mwenye la kuongeza aongeze na mwenye kupinga apinge. Mimi si fundi wa dukani. Nashona sare za shule za watoto wa mtaani kwetu, magauni ya vitenge, na kwa miaka 6 sasa nashona mifarishi, yaani yale mablanketi ya tabaka tatu ambayo uso wake umeungwa kwa vipande vya vitenge. Kazi hii ya mwisho ndiyo iliyonihamisha sebuleni, kwa sababu mfarishi wa kitanda cha futi 5 kwa 6 hauwezi kukunjwa na kukunjuliwa kila jioni watu wanapotaka kula.

Chumba chenyewe ni cha futi 10 kwa 10, alichokuwa akilala kijana wangu kabla hajaenda chuoni Dodoma. Kina dirisha moja linalotazama kusini, mlango uko kwenye ukuta wa kaskazini karibu na kona, na soketi ni mbili tu. Nataja vipimo hivi mapema kwa sababu nafahamu wengi hudhani kazi hii inahitaji ukumbi. Haihitaji ukumbi, ila inahitaji mtu atulie kabla ya kununua kitu chochote.

Mimi sikutulia. Siku nilipokabidhiwa chumba nilikwenda moja kwa moja kununua kabati kubwa la milango ya vioo, nikalisimamisha ukutani, nikaweka vyerehani viwili mbele ya dirisha, nikaona nimemaliza. Baada ya wiki tatu mgongo ulikuwa ukiniuma kuliko wakati ule nilipokuwa nikishonea sebuleni. Nilikuwa nakatia sakafuni juu ya mkeka, napiga pasi sebuleni, narudi chumbani kushona, kisha naondoka tena kwenda kwenye pasi. Siku moja nilichukua karatasi nikaibandika kwenye kibao cha cherehani, na kila niliponyanyuka kwenye kiti nikachora mstari mmoja na kuandika ninakwenda wapi. Nilikuwa nikishona sketi moja tu ya marinda ya mtoto wa darasa la nne. Nilipomaliza pindo mistari ilikuwa 31, na 19 kati yake ilikuwa ya kwenda kwenye pasi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba chumba cha kushonea hakipangwi kwa kuanzia cherehani. Kinapangwa kwa kufuata njia ambayo kitambaa hupita. Kitambaa huingia kikiwa na wanga wa kiwandani, hufuliwa, hupigwa pasi, hukatwa, hushonwa, hurudi kwenye pasi ili mshono ulale, hushonwa tena, hurudi tena kwenye pasi, na kwenye mifarishi safari hiyo hujirudia mara nyingi mno kwa sababu kila vipande viwili vinapoungwa mshono wake sharti ulazwe kabla ya kuungana na wa jirani. Kwa hiyo meza ya kukatia, cherehani na pasi ni lazima viwe karibu kiasi kwamba mtu anageuka au anapiga hatua moja, mbili. Vingine vyote, kuanzia kabati hadi mapambo ya ukutani, vifuate baadaye na vikae popote vitakapopata nafasi.

Nililiuza lile kabati kwa hasara na fedha yake nikanunua bodi moja ya plaiwudi ya milimita 18. Bodi huuzwa ikiwa ya futi 4 kwa 8. Nilimwomba fundi seremala aikate hivi: kwanza akate futi 2 mwishoni, nikapata kipande cha futi 4 kwa 2; kilichobaki kikawa cha futi 4 kwa 6, akakipasua kwa urefu na kutoa ubao mwembamba wa futi 1 kwa 6. Kile kikubwa cha futi 3 kwa 6 ndicho uso wa meza yangu ya kukatia, kile cha futi 4 kwa 2 ni meza ya pasi, na ule ubao mwembamba ni rafu ya ukutani. Hakikubaki kipande cha kutupa. Miguu ni ya mbao za mpaini za inchi 2 kwa 2, zilizopakwa dawa ya mchwa kabla ya kuunganishwa, na naomba jambo hili la dawa lisipuuzwe na yeyote anayeishi ukanda wa pwani.

Kuhusu kimo cha meza ya kukatia naomba niseme kwa mkazo. Meza ya kulia chakula huwa na kimo cha sentimita 75 hivi, nayo inafaa kwa mtu aliyeketi, wala si kwa mtu aliyesimama ameshika mkasi. Simama wima, kunja mkono, pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, kisha toa sentimita 10 mpaka 15. Mimi ni mfupi, kiwiko changu kiko kwenye sentimita 102, na meza yangu ina sentimita 90. Tangu siku hiyo sijainama tena. Cherehani kinabaki kwenye kimo chake cha chini kwa sababu hapo unaketi, na miguu yote miwili inatakiwa ikanyage sakafu au kanyagio pasipo magoti kugonga meza.

Meza hii sikuibana ukutani kwa upande mrefu. Upande wake mfupi mmoja unagusa ukuta wa mashariki, na pande tatu zilizobaki ziko wazi, hivyo naweza kuizunguka nikikata yadi 6 za kitenge bila kukivuta na kukipinda. Upana wa futi 3 unatosha kwa kuwa kitenge huwa na upana wa inchi 45 hivi, nacho hukatwa kikiwa kimekunjwa katikati. Kati ya meza na dirisha zimebaki futi 4, na hapo ndipo kilipo cherehani na kiti changu. Nikimaliza kukata nageuka tu. Meza ya pasi iko ukuta wa magharibi, hatua mbili kutoka kwenye kiti. Nimeivika blanketi kuukuu lililokunjwa mara mbili, na juu yake kitambaa cha marekani kilichokazwa kwa misumari midogo chini ya ubao. Marekani ndiyo ninayoitumia pia kujaribia vipimo vya gauni jipya kabla sijagusa kitambaa cha mteja. (Wazee wetu waliiita hivyo kwa sababu karne ya 19 pamba hiyo ilikuwa ikiletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Marekani, na jina halijatoka hadi leo.)

Mwanga nao una mengi. Huku kwetu karibu na mstari wa Ikweta jua la adhuhuri halikai upande mmoja mwaka mzima. Kwa Tanga, kuanzia takriban wiki ya pili ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana hupita kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Dirisha langu la kusini kwa hiyo hunipa mwanga mtulivu usio na jua kali kwa zaidi ya nusu ya mwaka, na inapofika Novemba hutundika pazia jepesi jeupe. Kwa usiku nimeweka balbu mbili za LED za mwanga mweupe, moja katikati ya dari na nyingine juu ya cherehani upande wa kushoto, ili kivuli cha mkono wa kulia kisianguke kwenye sindano. Rangi ya uzi lakini sichagui usiku kamwe. Bluu iliyoiva na nyeusi hufanana chini ya taa, na nimewahi kufumua zipu nzima asubuhi kwa sababu hiyo.

Vifaa vidogo nitavieleza kwa ufupi. Vitenge navikunja vyote kwa kuvizungushia kibao kimoja cha inchi 9, kisha nakichomoa kibao, na hivyo vitambaa vyote husimama kwenye rafu kwa ukubwa mmoja kama vitabu, migongo ikionekana. Vipande vya masalio hukaa kwenye ndoo tatu za plastiki chini ya meza ya kukatia: vile vinavyozidi robo yadi, vile vilivyo virefu na vyembamba, na vile vya ukubwa wa kiganja. Vidogo kuliko hivyo najazia mito. Nyuzi ziko kwenye ubao wenye misumari iliyoinamishwa kidogo kwenda juu, na ubao huo nimeufunika kwa kanga kwa sababu jua na vumbi huuozesha uzi taratibu, nawe hujui mpaka mshono ukatike mgongoni mwa mtoto wa watu. Juu ya meza kuna sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, nayo kila jioni naipitisha sakafuni kuokota pini. Sindano iliyovunjika haiendi kwenye ndoo ya taka. Inaingia kwenye kopo lenye mfuniko uliotobolewa tundu dogo.

Jambo la mwisho ni umeme, na hapa nimepata hasara halisi. Miaka mitatu iliyopita nilinunua cherehani cha umeme kilichotumika, kilichotoka Japani, kikiwa kizuri na kimya kabisa. Aliyeniuzia aliniambia nichomeke tu. Nilichomeka, nikakanyaga pedali, kikakimbia kwa kasi ya ajabu kwa muda usiozidi dakika moja, kisha ukatoka moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki karibu na gurudumu. Kumbe nyuma kulikuwa na kibandiko kidogo kilichoandikwa volti 100, ilhali umeme wetu ni wa volti 230. Someni kibandiko kabla ya kutoa fedha. Vyerehani vya kutoka Marekani navyo huwa vya volti 110 hadi 120, na vyote hivyo haviwezi kuchomekwa hapa kwetu bila transfoma ya kushusha umeme.

Pasi yangu inachomekwa kwenye soketi ya ukutani peke yake. Pasi ya wati 1,200 hutumia umeme mara kumi na zaidi ya cherehani cha nyumbani, na kuviunganisha vyote pamoja na feni kwenye waya mmoja mwembamba wa kuongezea ni kuitafuta ajali. Wanaotumia pasi ya mkaa wakati umeme umekatika, tafadhali pigieni barazani au uani. Hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa inaua, na haina harufu ya kumwonya mtu.

Karibuni.

Mchangiaji, fundi cherehani (Mwanza)

Dada yangu, nakupongeza kwa maelezo yaliyopangika. Nashona dukani kwa zaidi ya miaka 20, na nakubaliana nawe kuhusu kimo cha meza, kwa kuwa mafundi wengi wa rika langu wana migongo mibovu kwa kukatia kwenye meza fupi. Nina mambo mawili ya kuongeza na moja la kupinga.

La kupinga ni kuhusu dirisha. Ukiketi ukilitazama dirisha uso kwa uso, jicho linakaza dhidi ya mwanga wa nje na sindano inabaki gizani upande ule unaouona wewe. Geuza cherehani ili dirisha liwe kushoto kwako, mwanga upite juu ya mkono wa kushoto na kuangukia kwenye bamba la cherehani. Utaona tofauti siku hiyohiyo, hasa ukishona kitambaa cheusi.

La kuongeza la kwanza ni sindano. Anayeweka chumba nyumbani mara nyingi hununua sindano kwa mchanganyiko, kisha analaumu cherehani. Sindano ya cherehani cha nyumbani ina shina lililobapa upande mmoja. Ya cherehani cha kiwandani, ile yenye alama ya DBx1, ina shina la mviringo, na hizi mbili hazibadilishani. Zitenge kwenye vikopo viwili tofauti. Kwa kitenge cha kawaida namba 14 inatosha, kwa pamba nyepesi namba 12, na kwa jinzi namba 16 au 18. Bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini, nazo usizichanganye. Zinafanana kwa macho, lakini tofauti ndogo ya unene inatosha kuufanya uzi wa chini ujisokote. Mimi hupaka za cherehani kimoja tone la rangi ya kucha.

La pili ni mafuta. Chumba cha nyumbani hakitumiki kila siku kama duka, hivyo cherehani hukaa wiki nzima bila kuzunguka. Fungua bamba, safisha vumbi la pamba kwa brashi ndogo, weka tone mojamoja la mafuta ya cherehani, kizungushe, kisha ushone juu ya kitambaa chakavu mpaka mafuta yaliyozidi yafutike. Usitumie mafuta ya kupikia. Nimepokea vyerehani vingi vilivyoganda kama vimemwagiwa gundi kwa sababu hiyo. Na hicho cha Japani usikitupe, huenda mota ndiyo iliyoungua peke yake. Mota ya pembeni ya volti 220 inaweza kufungwa kwenye vyerehani vingi vya zamani vya chuma, ingawa kwa vile vya plastiki vyenye saketi ndani kazi hiyo haiwezekani.

Mleta uzi (Tanga)

Ahsante sana, kaka. La dirisha nimelijaribu leo asubuhi kabla ya kujibu. Nimegeuza cherehani kikatazama magharibi, dirisha likawa kushoto kwangu, na kweli bamba lote limeng'aa. Imenibidi nisogeze meza ya pasi kidogo kuelekea mlangoni, lakini imepatikana faida ambayo sikuitegemea: sasa nikinyoosha mkono wa kulia naifikia meza ya kukatia pasipo kugeuka. Cha Japani kilikuwa cha plastiki chenye saketi, kwa hiyo nimekubali.

Mchangiaji (Nairobi)

Hujambo, dada. Nimeusoma uzi huu wote nikiwa nimeketi kitandani, na hicho kitanda ndicho kiti changu cha kushonea. Ninaishi katika chumba kimoja, jikoni likiwa kwenye kona. Je, sisi tusio na chumba cha akiba tufanyeje? Nina cherehani kidogo cha umeme, pasi, na vitambaa vinavyojaa masanduku mawili.

Mleta uzi (Tanga)

Sijambo, mdogo wangu. Njia ya kitambaa ni ileile hata ukiwa na ukuta mmoja. Tafuta kipande cha plaiwudi cha futi 2 kwa 4, kifungwe ukutani kwa bawaba kwenye kimo cha sentimita 90, na mbele yake kishikiliwe na minyororo miwili au mguu mmoja unaokunjwa. Ukimaliza kazi unakiteremsha kikalala ukutani. Hiyo ni meza yako ya kukatia. Ukitandika blanketi juu yake ni meza ya pasi. Cherehani kiwekwe kwenye meza ndogo inayoingia chini ya ubao huo, ili unaposimama unakata na unapoketi unashona mahali palepale. Ikiwa ni nyumba ya kupanga, mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kutoboa ukuta, na fundi ahakikishe skrubu zimeingia kwenye tofali wala si kwenye plasta tu.

Masanduku yasiwe mawili yaliyochanganyika. Sanduku moja liwe la kazi unayoishona wiki hii, pamoja na uzi wake, zipu yake na karatasi zake za vipimo. Jingine liwe la akiba na likae chini ya kitanda. Nayajua haya kwa hakika kwa sababu kabla ya kupata chumba nilishona miaka mingi kwenye kona ya sebule, na kilichonipotezea muda zaidi ni kutafuta vitu, nafasi finyu ilifuata nyuma yake.

Mchangiaji (Minneapolis, Marekani)

Salaam kutoka ughaibuni. Nilizaliwa Lamu na nilijifunza kushona mifarishi huku, ambako majirani zangu wazee huikusanya kama sisi tunavyokusanya kanga. Naomba niongeze vifaa viwili kwa wanaoshona mifarishi.

Cha kwanza ni ukuta wa kupangia. Chukua shuka la pamba lenye manyoya mafupi, au blanketi jembamba, ulikaze ukutani likiwa wima kuanzia kimo cha kichwa hadi kwenye magoti. Vipande vya pamba hunata juu yake vyenyewe bila pini. Unavipanga, unarudi nyuma hatua tatu, unatazama rangi, unabadilisha. Ukipanga mezani au kitandani unaona vipande vilivyo karibu nawe tu, na kosa la rangi hulijua ukiwa umeshashona.

Cha pili ni kisu cha gurudumu pamoja na mkeka wake wa kukatia. Gurudumu la milimita 45 linatosha kwa tabaka nne za kitenge, na vipande hutoka vikiwa sawa kabisa, jambo ambalo ni la lazima kwa kuwa mshono wa mifarishi ni wa robo inchi tu. Tofauti ya milimita moja kwa kila kipande, ukiunga vipande 20, inakuwa sentimita 2 na kona hazikutani tena. Lakini mkeka huo haupendi joto. Ukiuacha kwenye jua la dirishani au ukauwekea pasi ya moto juu yake unajikunja, na ukishajikunja haunyooki. Hifadhi ukiwa umelala bapa chini ya meza. Na gurudumu lifungwe ulimi wake kila unapoliweka chini, hata kama unaenda kulishika tena baada ya nukta moja.

Swali langu ni hili: unapopitisha mfarishi mzima kwenye cherehani, uzito wake unaupeleka wapi?

Mleta uzi (Tanga)

Swali hili ni la mtu anayeifanya kazi yenyewe. Mfarishi uliokamilika tabaka zake tatu ni mzito, na sehemu inayoning'inia hewani huvuta ile iliyo chini ya sindano. Mishono hukosa usawa, wengine hudhani cherehani kina ubovu. Mimi nina benchi lenye kimo kilekile cha meza ya cherehani, ambalo kwa siku za kawaida hukaa chini ya rafu likiwa limebeba ndoo, na siku ya mfarishi nalivuta hadi kushoto kwangu. Mfarishi naukunja mikunjo mipana kama feni, unalala juu ya benchi, nami naulisha cherehani kidogo kidogo. Upande wa nyuma ya cherehani naweka kiti cha pili ili kilichokwisha kushonwa kisianguke. Naanzia katikati kuelekea pembeni. Tabaka la kati kwa joto la Tanga natumia blanketi jembamba kuukuu lililofuliwa, kwani sufi ni laini lakini hukusanyika upande mmoja usipoishonea mistari ya karibu karibu.

Mchangiaji (Unguja)

Shikamoo kwa wakubwa zangu, na wadogo zangu nawapa mkono. Mwanangu, umeeleza vizuri, lakini hukuugusa unyevu, nasi tunaokaa karibu na bahari huo ndio adui. Mimi ni bibi wa wajukuu tisa na nimezika cherehani kimoja kwa kutu.

Wakati wa masika usifunge kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki. Ukikifunga kikiwa na unyevu kidogo tu, ukifungua mwezi wa Juni unakuta madoa meusi ya ukungu ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote. Tumia mifuko ya pamba ipitishe hewa, na ndoo zenye mifuniko zitumike kwa vitambaa vilivyokaushwa juani siku hiyohiyo. Kitenge kipya kifuliwe kabla ya kuhifadhiwa, kwa kuwa ule wanga wa kiwandani ndio unaowaita mende. Rafu ya chini iwe juu ya sakafu kwa shibiri moja, na kabati lisigandamane na ukuta. Sindano zangu nimezichomeka kwenye kipande cha sufu kilichopakwa mafuta ya cherehani kidogo, nazipangusa kabla ya kuzitumia. Karafuu naweka kwenye vifuko kwa ajili ya harufu, napenda zile, lakini sizitegemei kufukuza wadudu.

Sasa nina ombi. Nina kanga 14 za marehemu mama yangu. Nyingine zimekwisha kulegea, ukizishika juani unaona vidole upande wa pili. Wajukuu wa kike ni watano, na kila mmoja ameniomba. Nafikiri nitoe mifarishi mitano. Nazikataje bila ya kuziharibu?

Mleta uzi (Tanga)

Shikamoo, bibi. Ahsante kwa somo la unyevu. Rafu yangu ya chini nitaipandisha Jumamosi hii, seremala amekwisha kuambiwa.

Kuhusu kanga za mama yako, usianze na mkasi. Zifue kwa mkono moja moja ndani ya beseni, kwa maji baridi na sabuni ya maji, bila kuzikamua kwa kuzisokota, uzianike kivulini zikiwa zimelazwa juu ya shuka jeupe. Hilo shuka litakuonyesha pia ipi bado inachuja rangi, nayo uitenge. Kisha zitandaze zote sakafuni na uzipige picha zikiwa nzima, kila moja na jina lake, yaani yale maandishi yake, kwa sababu baada ya kukatwa hakuna atakayeweza kuziona hivyo tena.

Zile zilizolegea zipe nguvu kabla ya kuzikata. Chukua kitambaa chepesi cha pamba kilichofuliwa, ukilaze chini ya kanga, ushike vyote viwili kwa mishono mirefu ya mkono kila baada ya upana wa vidole vinne, na hapo ndipo ukate tabaka zote mbili pamoja. Ukiukata mji, yaani sehemu ya katikati, wa kanga iliyochakaa peke yake, nyuzi zitaachana kwenye mshono wa kwanza.

Jina usilipasue. Kata kila jina likiwa zima kama ukanda mmoja, uache inchi moja juu na chini yake, na lisomeke kutoka mwanzo hadi mwisho. Kanga huuzwa doti ya mbili, kwa hiyo kama baadhi ya hizo 14 ni pacha, jina lilelile linaweza kwenda kwa wajukuu wawili. Pindo zikatwe kwa urefu ziwe fremu ya kuzunguka mfarishi, na miji ikatwe miraba ya inchi 6, si midogo kuliko hapo, ili ua la kanga lionekane. Kwa mfarishi wa kitanda kimoja utahitaji kuongeza kitambaa kingine, na mimi ningechagua marekani, kwa sababu weupe wake hautashindana na rangi za mama yako.

Gawa kwanza kwa macho, mbele ya wajukuu wote watano, kila ukanda wa jina ukiwa juu ya rundo lake. Usikate rundo la kwanza kabla la tano halijatimia.